Wizara ya Vidonda

"Ifahamike kwa wananchi wote wa Nyanda za Juu, wenye ngozi nzima na wenye ngozi iliyopasuka, kwamba zama za kubahatisha zimekwisha. Kila kidonda kitatazamwa kwa haki, kitapimwa kwa haki, na kitaamuliwa kwa haki. Jicho halichoki. Jicho halipendelei. Jicho halidanganyiki."

Jicho lilitoa tangazo hili kila asubuhi lilipowashwa, kwa sauti ya askofu aliyekunywa maziwa ya moto, na kila asubuhi Tusekile, aliyekuwa akifagia chini yake, aliuma mkono wa sweta asije akaangua kicheko. Kwa maana Jicho lilikwisha kudanganyika, tena si mara moja, na kilicholidanganya kilikuwa ugali wa bweni.

Lilining'inia kwenye dari ya zahanati ya Shule ya Wasichana Idunduge, mwisho wa mkono wa chuma uliopinda kama shingo ya kuku anayesikiliza. Kazi yake ilikuwa kuamua kidonda kipi ni cha nesi na kipi ni cha nyumbani. Kidonda ambacho mtu yeyote mwenye maji safi na kitambaa anaweza kukiosha bila kuleta madhara kilikuwa cha nyumbani, na Mfuko wa Matibabu haukumtuma mtu. Lakini kidonda chenye shimo la kujazwa chachi, chenye nyama iliyokufa ya kukatwa, chenye kuhitaji mtu atakayejua leo kimegeuka nini tangu juzi, hicho kilistahili mkono uliosomea. Nesi aliletwa mpaka mlangoni, juma baada ya juma, hadi kifunge. Aliletwa na chombo cha Mfuko cha kuruka, cha mviringo, ambacho kwenye karatasi kilikuwa na jina refu la heshima. Wasichana walikiita ungo, na Nesi Lusubilo alipotua uwanjani walimwamkia kwa unyenyekevu wa watu wanaoogopa kurogwa.

Tusekile hakuwa mfagiaji wa zahanati kwa kupenda. Alikuwa anatumikia adhabu kwa kosa la kuifundisha kengele ya shule kulia kama mbuzi.

Asubuhi ile Matroni Nyagawa aliingia akichechemea, akakaa kwenye benchi.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Umefagia chini ya kabati?"

"Ndiyo, Matroni."

"Umefagia, au umepatazama?"

"Nimepatazama kwa makini sana, Matroni."

"Mdomo huo," Matroni alisema, akavua kiatu. "Siku moja utakupeleka mahali, na utafika kabla yako."

Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mikono na mkali wa maneno, na sukari ilikuwa imemla hisia za miguu. Chini ya unyayo wa kulia, nyuma ya kidole gumba, alikuwa na kidonda. Nesi Lusubilo alikuwa akikihudumia kwa muda mrefu, lakini kila mwezi Jicho lilitakiwa kukitazama upya ndipo Mfuko uendelee. Kwa hiyo Matroni aliinua mguu, Jicho likashusha shingo yake, likanusa, likapima joto, likatulia.

"Kidonda kimetazamwa," lilisema. "Kina shimo. Kina majimaji. Kingo zina joto. Vidonda vya sura hii katika eneo hili hupona vyenyewe kwa usiku mmoja. Mkono uliosomea hauhitajiki. Ni kidonda cha nyumbani. Kioshwe kwa maji safi. Pole."

Ufagio wa Tusekile ulisimama.

"Kitazame tena, mwanangu," Matroni aliliambia Jicho, kwa adabu ile ile aliyowafundisha wasichana watumie kwa wageni.

Jicho lilitazama tena. Halikubadilisha hata neno, wala ile pole.

"Basi pengine kimepona na mimi sina habari," Matroni alisema. "Mimi huko sifiki, na huo mguu hausemi kitu. Njoo unitazamie, Tusekile. Unaona nini?"

Tusekile alipiga magoti. Aliona shimo ambalo lingemeza ncha ya dole gumba. Aliona nyama ya manjano ukingoni, na ngozi iliyozunguka imevimba na kung'aa. Harufu ilimfikia, na hii haikuwa ya dagaa waliofichwa chini ya ugali.

"Kinaendelea vizuri, Matroni," alisema.

*

Wizara ya Vidonda iliundwa nyuma ya jiko la shule, asubuhi ambayo maji yaliganda kwenye ndoo na wasichana walikuwa wakipelekwa mchakamchaka gizani, wakiimba kwamba wako tayari kufa kwa ajili ya nchi. Tusekile hakuwa tayari. Aligundua kwamba mwanafunzi mwenye kidonda cha nesi hakimbii mchakamchaka wala haendi shambani, na kwamba hakuna mwalimu aliyethubutu kubishana na Jicho. Basi akajiteua Waziri. Edina, rafiki yake wa kitanda cha chini, akateuliwa Katibu Mkuu. Wananchi walikuwa yeyote mwenye goti na woga wa baridi.

Kazi ilifanywa kwa taadhima. Ugali wa moto ulifinyangwa juu ya ngozi ukapewa kingo na shimo, kwa kuwa ugali wa moto hutunza joto kama nyama yenye usaha. Maji ya maua ya choya yaliutia wekundu, gliserini ya maabara ikaupa ule unyevu, na kichwa cha dagaa kilifichwa chini yake kwa ajili ya harufu. Tusekile alikuwa na kipaji. Alisoma picha za vidonda vya kweli kwa bidii ambayo somo la jiografia halikuwahi kuionja.

Kidonda cha kwanza kilikuwa cha goti lake mwenyewe, na kilipata heshima ambayo Wizara haikuiomba. Alipoanguka mlangoni mwa bweni akilia kwa ufundi, Matroni Nyagawa alitazama mara moja, akainama, akasema, "Panda." Akambeba mgongoni kutoka bwenini mpaka zahanati, akapanda kile kilima chote cha kokoto, ndara moja ikimchomoka njiani na yeye asigeuke kuiokota, huku akimwambia mtoto asitazame damu. Edina alifuata nyuma, amejiziba mdomo kwa kanga. Muhula mzima kisa hicho kilisimuliwa mabwenini, na hakuna aliyekisimulia vizuri kumshinda Tusekile, hasa pale pa Matroni kuhema.

Nesi alipofika kesho yake, goti lilikuwa limeoshwa. "Kimepona," Tusekile alisema. Nesi Lusubilo alishangaa, akazisifu ngozi za vijana, akaliambia Jicho: kimepona. Ikawa hivyo kwa kila goti lililofuata.

Hapo ndipo Waziri alipokosea. Jicho halikuwa linatazama tu. Lilikumbuka kila kidonda kilivyoishia, ili siku nyingine lijue kipi kinamhitaji nesi na kipi hakimhitaji. Goti baada ya goti, Wizara ilikuwa imelifundisha kwamba shimo lenye majimaji na kingo za moto, huku Nyanda za Juu, ni kitu cha kupona mtu akilala.

"Sisi ndio tuliomfanyia Matroni haya," Tusekile alisema. Ilikuwa jioni ya siku Jicho lilipomkatalia Matroni, nao walikuwa kwenye kamba za nguo, wamejificha katikati ya mashuka.

"Umemfanyia," Edina alisema. "Mimi nilikuwa Katibu. Katibu huandika."

"Hukuwahi kuandika kitu."

"Ndiyo maana sina kosa."

Walicheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja, kama maji ya bombani.

"Nikimwambia Nesi je? Aje kimyakimya tu."

"Aje na nini? Ungo hauruki mpaka Jicho liagize." Edina alilivuta shuka, akalinyoosha pasipo na kunyanzi. "Na ukimwambia goti lako, atauliza na mengine. Kila goti lina jina la mtu. Mimi niko hapa kwa ufadhili, Tuse. Wewe ukifukuzwa, baba yako atakutafutia shule nyingine yenye jina zuri zaidi. Mimi nitarudi kukamua ng'ombe wa mjomba mpaka nife."

"Nitataja la kwangu tu."

"Na goti moja litalifundisha Jicho nini?"

Tusekile aliokota kibanio kilichoanguka.

"Wewe ndiye Waziri," Edina alisema, bila kumtazama. "Tafuta njia. Ila usinitaje."

*

Tangu siku hiyo, kazi ya kuosha mguu wa Matroni ilikuwa ya Tusekile. Hakuna aliyempangia. Matroni alimwambia, "Wewe si uko hapa na ufagio," basi ikawa hivyo. Alileta beseni, maji ya uvuguvugu, kitambaa kilichochemshwa. Aliosha alichoweza kukifikia. Ndani ya shimo hakuthubutu kugusa, na kilichokuwa ndani ya shimo ndicho hasa kilichohitaji mtu.

"Unaona nini leo?" Matroni aliuliza kila mara.

"Afadhali ya jana, Matroni."

"Mungu mkubwa. Una mkono mwepesi, sikutegemea. Nilidhani mikono yako ni ya kuharibu kengele."

Kila sifa ilimwingia Tusekile kama mchanga kwenye meno. Uvimbe ulikuwa umevuka kidole gumba. Matroni alianza kuvaa viatu vya mumewe marehemu, akasema ni kwa sababu ya baridi.

Asubuhi moja, Tusekile akiwa ameinama, aliuliza ili tu asikae kimya. "Kilianzaje, Matroni?"

"Lengelenge tu. Nilikanyaga kokoto bila ndara, sikusikia kitu. Nilikuja kuiona damu kwenye shuka." Matroni alifikiri. "Ilikuwa wakati ule ulipoumia wewe. Tulikuwa wagonjwa pamoja, umesahau? Ila wewe mtoto, ukapona upesi."

Tusekile aliendelea kuosha. Aliosha mpaka maji yakapoa, na Matroni akamuuliza kama amelala.

Ndipo Waziri alipofanya kazi yake ya mwisho. Hoja aliyojipa ilikuwa nzuri, kama hoja zake zote. Kama Jicho lilikuwa limezoea kupuuza vidonda vya sura ya Wizara, basi kidonda cha Matroni kipewe sura nyingine. Nyama nyeusi Wizara haikuwahi kuitengeneza, kwa kuwa iliwatisha hata mafundi wake. Alikwangua masizi kwenye sufuria kubwa ya jikoni, akayachanganya na gliserini, na kesho yake, alipomaliza kuosha, akayapaka ukingoni mwa kidonda kwa ncha ya kidole. Alijiambia anapaka pembeni tu, si ndani. Matroni alikuwa akimsimulia habari za mbegu za viazi. Mguu haukumwambia chochote.

"Matroni," Tusekile alisema, "tujaribu Jicho tena. Leo tu."

Jicho lilishuka, likanusa, likatulia kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Nyama iliyokufa imeonekana. Kidonda hiki kinastahili mkono uliosomea. Nesi anaitwa sasa hivi. Pole sana."

Matroni alimgeukia Tusekile. "Nyama iliyokufa?" alisema. "Si ulisema afadhali?"

*

Ungo ulitua kabla ya chai ya saa nne. Nesi Lusubilo aliingia na mkoba wake akiwa bado na upepo kwenye nywele, akavaa glavu, akalowanisha pamba na kufuta ukingo wa kidonda. Pamba ikawa nyeusi. Ngozi iliyobaki ilikuwa nyekundu, imevimba, lakini hai. Akaisogeza pamba puani. Akafuta tena.

"Matroni, hiki ni nini?"

"Nini?"

"Haya ni masizi."

Tusekile alikuwa ameshika beseni. Jicho, ambalo halikuwa limeombwa maoni, lilishusha shingo juu ya unyayo uliosafishwa. "Kidonda kimepambwa," lilisema. "Chini ya pambo ni kidonda cha nyumbani. Mwenye kidonda kilichopambwa hufutwa kwenye huduma za Mfuko. Nesi athibitishe."

Nesi Lusubilo alikaa kwenye benchi kando ya Matroni. Hakukasirika, alionekana kuchoka. "Mimi nakiona kidonda chako," alisema polepole. "Kimezidi sana. Kingefaa kusafishwa ndani leo, na kesho kutwa, na kuendelea. Lakini siruhusiwi kukigusa kikiitwa cha nyumbani, na sasa hili la masizi limekuja juu yake. Mwaka huu sijui Jicho limepatwa na nini. Kule bondeni kuna bibi limempa maji ya chumvi, na mfupa unaonekana." Akakunja pamba ndani ya glavu. "Ila wewe, Matroni. Wewe wa kuwafundisha watoto wa watu. Kwa nini ujipake?"

Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila jambo alitazama mguu wake usiosema, kisha akatazama beseni, kisha vidole vilivyolishika. Chini ya kucha za Tusekile kulikuwa na weusi.

Matroni alichukua taulo begani mwake, akalitupa juu ya mikono ya Tusekile.

"Funika mikono, kuna baridi," alisema. Akamgeukia Nesi. "Andika unavyopaswa kuandika, mwanangu. Mtu akiogopa kukatwa mguu hufanya mambo ya kipuuzi."

Kumbe alijua kudanganya, na hakudanganya vizuri. Tusekile, ambaye maishani mwake alikuwa amesifiwa kwa uongo uliopangwa kwa ustadi, aliusikia uongo ule mbovu ukitolewa kwa ajili yake, na alitamani dari iachilie lile Jicho limwangukie kichwani. Ingetosha kunyamaza. Nesi hakuwa ameziona kucha. Edina, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya maji ya moto, alitikisa kichwa taratibu: nyamaza.

Tusekile aliweka beseni chini. Akalitoa taulo, akaikunjua mikono mbele yake kama mtu anayekaguliwa usafi.

"Ni mimi, Nesi. Matroni hawezi kufika unyayo wake. Nilimpaka mimi, hakujua."

"Tusekile," Matroni alisema.

"Na Jicho halijapatwa na kitu. Nililifundisha mimi. Yale magoti yaliyokuwa yanapona kwa usiku mmoja yalikuwa ugali." Sauti yake ilikuwa imesinyaa, haina yale madoido ya kiwaziri aliyozoea kuiwekea. "Ugali na choya. Tulikuwa tunakwepa mchakamchaka."

Nesi Lusubilo alimtazama. Pengine alikuwa anakumbuka jinsi alivyozisifu zile ngozi, kwa maana alishusha macho kwa aibu. "Yule bibi wa bondeni," alisema, "ana wajukuu wa rika lako." Akasimama, akaligusa Jicho ubavuni, nalo likamulika ukutani.

"Linaweza kusahihishwa. Litaonyesha kila kidonda cha shule hii, kuanzia cha karibuni kurudi nyuma, na wewe utasema kweli au uongo. Vyote. Ukikiacha kimoja cha uongo kikae na vya kweli, litaendelea kuamini ule ule upuuzi, na mimi nitafungasha mkoba niondoke."

"Na majina yatatajwa?"

"Kidonda hakitembei bila mtu."

Ukutani likatokea goti. Jicho lilitaja jina la msichana wa kidato cha pili. "Uongo," Tusekile alisema. Likaja lingine. "Uongo." Kikaja kisigino cha mpishi kilichoungua na uji. "Kweli." Zile kazi alizojivunia zilipita moja moja, zikiwa kubwa kama milango, na mbele ya Matroni zilionekana zilivyokuwa: chakula.

"Edina Mligo," Jicho lilisema. "Goti la kulia. Kweli au uongo?"

Mlangoni ndoo iliwekwa chini. Tusekile hakugeuka. Alingoja asikie miguu ikikimbia, hakusikia.

"Uongo," alisema.

Edina aliinua tena ndoo, akaingia nayo, akaiweka karibu na mguu wa Matroni, akasimama hapo hapo akitazama sakafu.

Yalipita mengine. Matroni alikuwa ameshika paja lake kwa mikono miwili. Sasa lilibaki moja, na lilikuwa zuri kuliko yote. Lilikuwa na kingo zilizochanika kwa uangalifu na wekundu uliokolea katikati.

"Tusekile Mwalwisi. Goti la kushoto. Aliletwa mgongoni."

"Hilo liruke," Matroni alisema.

Nesi alimgeukia.

"Hilo nalijua, lilikuwa la kweli," Matroni alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulilainika, kama mtu aliyepekua ndani ya debe bovu akakuta kiazi kimoja kizima. "Pengine hayo mengine walianza baadaye, watoto ni watoto. Lakini hilo nililibeba mwenyewe. Nililisikia likilia mgongoni kwangu."

"Kweli au uongo?" Jicho liliuliza.

Nesi Lusubilo alimtazama Tusekile. Edina alimtazama Tusekile. Matroni hakumtazama. Alikuwa analitazama goti lile ukutani, na mguu wake ulikuwa umenyooshwa mbele yake juu ya kitambaa, ukitoa majimaji.

"Ugali, Matroni," Tusekile alisema. "Ulikuwa ugali."